MREJESHO: Kuchomoa bei za korosho kwenye kurasa za HTML

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kama regeksi (kanuni ya kutafuta maandishi kwa mpangilio wake) inatosha kuchomoa matokeo ya minada ya korosho kwenye kurasa za HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), au nitumie kichanganuzi kamili, yaani programu inayosoma muundo wote wa ukurasa. Nipo Masasi, na chama chetu cha msingi kinanitegemea kuwatumia wakulima bei kwenye simu.

Wengi mlisema niachane na regeksi. Nilibisha, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Halafu ukurasa ukabadilishwa: kwenye bei, alama ya seli ya jedwali, `<td>` ikawa `<td class="bei">`. Programu haikulalamika hata kidogo. Ikaruka bei mpya, ikaokota ya wiki iliyopita iliyoachwa ndani ya maoni yaliyofichwa (maandishi yasiyoonekana kwenye ukurasa), kati ya alama `<!-- -->`. Kwa mkulima mwenye magunia ghalani, hilo si jambo dogo. Niliumia.

Nimehamia BeautifulSoup, maktaba ya kuchanganua HTML kwenye lugha ya programu ya Python. Maoni yaliyofichwa inayaruka, na seli iliyokatika mistari miwili inaisoma vizuri.

Kilichonishinda kwa sehemu ni `rowspan`, yaani seli moja kuchukua mistari kadhaa. Jina la ghala limeandikwa mara moja kwa mistari mitatu, hivyo mstari wa pili una seli pungufu na bei inahamia safu ya daraja. Kichanganuzi hakijazi pengo hilo. Nimeandika kitanzi (amri zinazojirudia) cha kushusha jina kwenye mistari ya chini, ila `colspan` (seli moja kuchukua safu kadhaa) bado inakisumbua.

Regeksi sijaitupa. Seli ikishapatikana, ndiyo inayotoa namba kwenye "Sh 3,120/kg", kama mkuu mmoja alivyoshauri. Asanteni sana.