Ali Kiba: Only One King au Cinderella?

mtoto_wa_langoni
Salaam aleikum jamaa. Nimepata spika mpya ya kibanda changu cha juisi hapa Langoni, Lamu, na nataka albamu nzima ya Ali Kiba, yule mwimbaji wa Bongo Fleva wa Tanzania, si nyimbo za kuokotaokota. Ninazozijua ni tatu: Cinderella ya 2007, Ali K 4 Real ya 2009, na Only One King iliyotoka Oktoba 2021. Ile ya katikati siisikii ikitajwa sana, kwa hivyo kwangu ushindani ni wa hizo mbili. Wateja wangu ni mchanganyiko: vijana, kina mama wanaotoka sokoni, na wageni wa Nairobi wakati wa likizo. Nianze na ipi?

DJ_Shela
Only One King, wala usijiulize mara mbili. Nyimbo 16, na studio imefanya kazi yake. Ukiipiga kwenye spika ya maana besi inakaa pale inapotakiwa. Cinderella ni ya zama za kanda na sidii. Ukiiweka kwenye spika ya leo unasikia ule upweke: kinanda huku, ngoma ya kompyuta kule, na kijana katikati anaimba peke yake. Hii ya 2021 ina watu. Kutoka Nigeria, Mayorkun yumo kwenye Jealous, Rude Boy (mmoja wa wale pacha wa P-Square) kwenye Salute, na Patoranking kwenye Bwana Mdogo; kisha Sauti Sol kwenye Let Me, Blaq Diamond wa Afrika Kusini kwenye Niteke. Mgeni wa Nairobi hakosi wimbo wa kumfanya aagize glasi ya pili.

Ami_Mkomani
Mwanangu DJ, umewataja wageni wote, mwenye nyumba hukumtaja. Hapo ndipo nnapogombana na albamu hiyo.

Sisi wa muyi huu masikio yetu yalilelewa na udi wa Zein l'Abdin, yule bingwa wa taarabu. Mtu akiimba, twamngoja pale mwisho wa mstari tuone ataivuta vipi ile sauti. Kwenye Cinderella kijana aivuta, hana haraka, aipandisha juu puani kisha airudisha polepole. Haya, nenda kwenye Salute uniambie ameivuta wapi. Ubeti mfupi, kiitikio, mgeni kaingia, kiitikio tena, umekwisha. Upweke huo unaoulalamikia ndio uliotufanya tumsikie.

Bint_Amu
Ami shikamoo. Na Utu je? Nayo imo humo humo kwenye Only One King, haina mgeni hata mmoja, na sauti anaivuta mpaka basi. Mimi naiweka juu ya wimbo wowote wa Cinderella, tena bila haya. Mwaka 2007 alikuwa na koo zuri lakini alikuwa akiimba kila mstari kwa nguvu ileile. Kwenye Utu anajua wapi anong'one na wapi aachilie. Huo ni ukomavu, hauji kwa kuzaliwa na sauti tu.

Kwa mashairi nakuunga mkono. Zamani nyimbo zake zilikuwa na mtu ndani yake, ukimaliza kusikiliza unaweza kumsimulia mwenzio kisa. Kwenye hii ya 2021 nyingi ni sifa za mpenzi, kisha sifa za mpenzi tena. Habibty naipenda, naiimba jikoni, lakini ukiniuliza inasimulia nini nitakutazama tu.

Ami_Mkomani
Marahaba binti. Utu nakupa. Wimbo moya katika kumi na sita.

nahodha_wa_faza
Mimi si mjuzi wa mambo ya sauti. Ninachojua ni kuwa tukipita mkondo wa Mkanda na bahari imechafuka kidogo, nikiweka Ndombolo ya Only One King, ile aliyoimba na Abdukiba, K2ga na Tommy Flavour, abiria wanaacha kunung'unika. Nikiweka Cinderella wanalala. Wengine wanataka walale, sasa sijui.

kijana_wa_malindi
Naingia kutoka Malindi. Naona mnalinganisha ncha mbili na kuruka katikati, na katikati ndiko kwenye Ali Kiba mwenyewe. Kutoka Ali K 4 Real hadi Only One King ni miaka 12 bila albamu. Je, alikuwa amelala? Dushelele ni ya miaka hiyo. Mwana ya 2014, Chekecha Cheketua ya 2015, Aje ya 2016, Seduce Me ya 2017, Mvumo wa Radi ya 2018. Zote zilitoka mojamoja, na kwa hizo mbili mnazogombania hakuna hata moja utakayoikuta.

Kwa hivyo ukiruka kutoka Cinderella moja kwa moja hadi 2021 unadhani amebadilika ghafla, kumbe njia inaonekana. Kwenye Mwana kisa bado kipo: binti ameacha kwao, amefika Dar es Salaam, na mji umemteka. Lakini mapigo tayari ni ya kisasa. Mwaka 2016 akapewa tuzo ya msanii bora wa Afrika kwenye MTV Europe Music Awards, na tangu hapo namsikia akiimba akiwa na Lagos na Johannesburg kichwani. Only One King imezaliwa na Aje, haikuzaliwa na Cinderella. Ndiyo maana Ami haimwingii.

Kwangu mimi Mwana ndio wimbo wa mwisho aliotupa kisa na mapigo kwa pamoja.

DJ_Shela
Kwa Mwana sina ubishi. Hata leo nikiipiga watu wanaimba kunishinda spika.

Ami_Mkomani
Yuasema kweli huyu wa Malindi. Lakini alouliza ametaka albamu nzima, na Mwana haimo popote. Msimzungushe kijana.

mtoto_wa_langoni
Ami, kumbe sharti langu ndilo lenye taabu. Basi albamu nzima naiacha. Nipangieni, ila bando langu ni dogo, siwezi kushusha nyimbo hamsini.

Bint_Amu
Asubuhi kina mama wakirudi sokoni weka Cinderella, kwa sauti ya chini, watu wapate kuongea. Alasiri weka Mwana, Aje na Chekecha Cheketua. Magharibi zima spika, msikiti uko karibu. Baada ya Isha vijana wakijaa: Utu kwanza, halafu Oya Oya, Niteke, Ndombolo. Jealous ukipenda. Salute iache huko huko kwenye simu ya DJ.

DJ_Shela
Nimekusikia. Subiri wageni wa Nairobi wafike Disemba, watakuja wenyewe kuiulizia.