Taa ya kuning'inia ya mtindo wa Denmark juu ya meza ya chakula: kwa nini inachoma macho?

MezaNdefu_Moshi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua taa hizi za watu wa kaskazini ya Ulaya.

Meza ya chakula ni sm 180 kwa 90, kimo sm 75. Silingi ni jipsamu, mita 3 kutoka sakafuni. Taa ni kopi ya zile za Denmark zenye sahani tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, ya juu ikiwa na kipenyo cha sm 40. Imening'inizwa sm 95 juu ya meza. Balbu ni LED ya wati 12, deilaiti, holda ya kuzungusha (E27).

Matatizo ni haya. Ukikaa kwenye kiti unaiona ncha ya balbu, imetokeza kama sm 2 chini ya sahani ya mwisho, na inachoma macho. Sahani ya juu karibu haipati mwanga kabisa. Na usiku, swichi ikiwa imezimwa, balbu inabaki na mwanga hafifu. Fundi aliyeifunga anasema kwenye silingi kuna waya mbili tu, hakuna ethi (waya wa ardhini).

Picha za taa hizi zinaonyesha mwanga mtulivu usioumiza mtu. Kosa liko kwenye taa, kwenye balbu au kwenye ufungaji? Na je, fundi bati wa huku anaweza kutengeneza kitu chenye kazi ileile bila kuagiza kopi nyingine?

KivuliLaini

Kosa liko kote kutatu, ila balbu ndiyo inayoongoza.

Ukielewa taa hii ilibuniwa kutatua nini, mengine yatakaa sawa. Poul Henningsen, Mdenmark aliyezaliwa 1894, alikua enzi za taa za mafuta. Mwanga wa chemli ni wa manjano na hauumizi. Balbu ya umeme ilipoingia ilileta mwanga mwingi kutoka kwenye nukta ndogo, na nukta ndogo yenye mwanga mwingi ndiyo inayochoma jicho. Kazi yake ikawa kuificha hiyo nukta kabisa bila kuupoteza mwanga wake. Taa yake ilipata medali ya dhahabu Paris mwaka 1925, na mfumo wa kofia tatu (hizo unazoziita sahani) ukaenea kuanzia 1926 ukitengenezwa na kampuni ya Louis Poulsen.

Zile kofia tatu umbo lake halikuchorwa ili lipendeze tu. Kila moja ni kipande cha mkunjo unaofunguka kama konokono, na balbu inakaa kwenye kiini cha mkunjo huo. Kwa hiyo mwanga unagonga kila sehemu ya kofia kwa pembe ileile, nyuzi 37 hivi, kisha unaruka kwenda chini na pembeni. Vipenyo vya kofia vinafuatana kwa uwiano wa karibu 4:2:1. Uzuri tunaouona unatokana na hesabu hiyo. Sasa isogeze balbu sm 3 chini: kiini kimehama, kofia ya juu inakosa mwanga, na ncha inatokeza. Ndicho ulichokieleza neno kwa neno.

Henningsen mwenyewe aliteseka na jambo hili. Viwanda vya balbu vilikuwa vikibadilisha maumbo na urefu kila mara, na taa zake zikaharibika kazi bila yeye kugusa kitu. Mwaka 1958 akatoa PH 5 (PH ni herufi za jina lake), yenye kofia kubwa ya sm 50 (ndiko 5 ilikotoka), iliyofungwa kiasi kwamba balbu yoyote ikiingia haionekani kutoka upande wowote. Anayenunua leo na hana uhakika wa balbu atakazozipata madukani, umbo hilo la PH 5 ni salama kuliko la sahani tatu zilizo wazi.

Kwa taa yako, balbu ya kawaida ya LED (A60) ina urefu wa sm 11 hivi. Itoe, tafuta ile ya duara ndogo, G45, kipenyo sm 4.5, urefu sm 8 au pungufu kidogo. Hapo kitovu cha mwanga kinapanda takriban sm 3. Usichukue yenye nusu ya plastiki nyeupe isiyopitisha mwanga upande wa kitako, maana hiyo inamwaga mwanga wote mbele tu, yaani chini, na kofia zako zinabaki giza hata balbu ikikaa mahali pake. Chukua ya nyuzi (filamenti) yenye kioo cha rangi ya maziwa. Inawaka pande zote kama balbu za zamani.

Kwenye boksi soma kelvini 2700 (rangi ya mwanga), lumeni 800 hivi (wingi wa mwanga), na Ra 90 au zaidi (jinsi rangi za vitu zinavyoonekana halisi). Deilaiti ya kelvini 6500 iache kwa stoo. Kwenye meza inaifanya nyama ionekane ya kijivu. Nusu ya lumeni 800 ikifika kwenye meza yako ya mita za mraba 1.62, unapata karibu laksi 250 (lumeni kwa kila mita ya mraba), na hiyo inatosha kuchambua samaki mwiba kwa mwiba. Ukikosa G45 ya 800, ya 470 inafaa kama kuna taa nyingine chumbani.

Kuhusu kimo: shusha. Kutoka juu ya meza hadi ukingo wa chini wa taa iwe sm 60, ukizidi sana 65. Macho ya mtu aliyekaa yako sm 115 hadi 120 kutoka sakafuni. Taa yako sasa ina ukingo kwenye sm 170, kwa hiyo kila aliyekaa anachungulia ndani yake kutoka chini. Ikiwa sm 135 watu wanaonana usoni chini ya taa na hakuna anayeiona balbu.

FundiNyaya

Naongezea upande wa umeme, maana hapa kuna jambo moja la hatari.

Taa ya bati inataka ethi. Waya ikichubuka ndani na kugusa kofia, bila ethi kofia nzima inakuwa na moto wa umeme, na umeishusha mpaka mkono wa mtoto aliyepanda kiti unaifikia. Nyumba nyingi za zamani hapa Moshi na Arusha njia za taa zilivutwa waya mbili tu. Una njia mbili halali: kuvuta ethi ya 1.5 mm² kutoka kwenye boksi la karibu lenye ethi inayofika kwenye bodi, au kutumia taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani iliyohamiwa mara mbili, ambayo haihitaji ethi. Asikwambie mtu uunganishe nyutro kwenye bati "iwe kama ethi". Siku nyutro ikikatika nyuma yake, bati linakuwa moto kamili.

Balbu kubaki na mwanga hafifu mara nyingi maana yake swichi inakata nyutro badala ya waya wa moto. Zima umeme kwenye bodi, fungua swichi, kisha washa na upime kwa mita, siyo kwa testa ya kalamu peke yake. Kama waya wa moto unakwenda moja kwa moja kwenye taa, badilisha. Hilo ni la lazima, kwa sababu sasa hivi hata ukizima swichi holda ina moto na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa. Ikiwa swichi iko sawa na mwanga hafifu bado upo, basi ni umeme mdogo unaorukia kutoka waya uliolala sambamba, au swichi ina kitaa cha ndani. Hayo hayadhuru.

Uzito. Jipsamu haibebi taa. Panda darini, laza mbao ya 2x4 juu ya branda mbili, ipige skrubu, na ndoano ipite kwenye jipsamu hadi ndani ya mbao angalau sm 4. Waya unaoning'inia uwe wa nyuzi laini wa 3 x 0.75 mm², na ndani ya holda kuwe na kibana waya. Bila kibana, uzito unavuta shaba kwenye skrubu, unalegea, unaanza kucheche, holda inaungua. Ukiona plastiki ya holda imegeuka kahawia, chanzo ni hicho.

Urefu wa waya kwa vipimo vyako: 300 toa 75 toa 60 inabaki 165. Toa kimo cha taa yenyewe, tuseme 28, unaobaki kuonekana ni 137. Kata mita 1.70 ili ubaki na akiba ndani ya kikombe cha silingi. Kukata mfupi ni kosa lisilorekebishika.

Na balbu ichague iliyoandikwa 100-240V, siyo 220-240V. Jioni umeme ukishuka hiyo ya pili inapepesa.

BatiGeji28

Swali la fundi bati: inawezekana, ila usimpe picha ya sahani tatu. Mkunjo ule wa konokono unatengenezwa kwa mashine ya kuzungusha bati juu ya kalibu. Fundi wa gata ana mkasi, nyundo na kona ya kukunjia, na kwa vifaa hivyo anatoa koni safi. Kuna ugumu mwingine pia: ukifuata 4:2:1 kuanzia sm 40, kofia ya chini ni sm 10 na tundu lake la juu ni sm 4 hivi, balbu haipiti. Nakili wazo, umbo liache kwa mwenyewe. Na usiiuze kwa jina la PH.

Mpe kazi hii, koni moja na pete moja.

Koni: chini kipenyo sm 40, juu sm 16, kimo sm 9. Mshazari unatoka sm 15 kamili. Kwenye bati, chora duara la nusu kipenyo sm 25, na ndani yake jingine la sm 10, kitovu kimoja. Kata pembe ya nyuzi 72 uitupe, zinabaki 288. Acha sm 1 ya ziada upande mmoja kwa kiungio. Kunja, piga ribiti nne. Bati la sm 52 kwa 52 linatosha. Geji 28 (unene wa bati) inafaa. Nyembamba zaidi inapinda ukiisafisha.

Pete: ukanda wa sm 7 kwa 38.7, ukiukunja na kupishanisha sm 1 unapata kipenyo cha sm 12. Chini yake weka kisahani cha plastiki ya maziwa. Pete ining'inie ndani ya koni kwa boliti tatu ndefu za nyuzi M4, ukingo wake wa juu ukiwa sm 4 juu ya ukingo wa chini wa koni. Hapa tumia A60, katikati ya tufe la balbu iwe sm 2 juu ya ukingo wa koni. Kwa vipimo hivyo hakuna mstari ulionyooka kutoka kwenye balbu hadi jichoni kwa aliyekaa.

Jipimie kwa uzi kabla ya kupaka rangi. Shika uzi kwenye sehemu ya juu ya tufe la balbu, uvute hadi ukingo wa chini wa koni. Uzi lazima uguse pete njiani. Ukipita bila kugusa, pandisha pete nusu sentimita kwa kukaza nati, pima tena, zunguka pande zote.

Ndani paka nyeupe isiyong'aa. Rangi ya kung'aa inaakisi balbu kama kioo, na umerudi ulikoanza. Bati lililopakwa zinki halishiki rangi bila praima yake. Lisugue kwa msasa namba 240, lifute mafuta, praima, kisha rangi mikono miwili myembamba. Ukiruka praima, baada ya miezi michache rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

MezaNdefu_Moshi

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili ya mwisho: kile kisahani cha chini hakitajaa wadudu? Na je, chumba kizima hakitakuwa giza ikiwa taa iko chini hivyo?

BatiGeji28

Kitajaa, hasa masika kumbikumbi wakiruka. Kwa hiyo kisahani kisigundishwe, kikae juu ya vikucha vitatu vya bati ili ukisukume juu, ukiinamishe, kitoke. Mwanga wa kelvini 2700 unawavuta wachache kuliko deilaiti. Vumbi la kiangazi linakaa juu ya koni, na kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, umeme ukiwa umezimwa.

KivuliLaini

Tundu la juu la koni linarusha mwanga kiasi kwenye silingi, kwa hiyo hakutakuwa pango. Lakini pembe za chumba zitakuwa na kivuli, na ndivyo inavyotakiwa. Copenhagen mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, wale watu wanaishi na taa saa nyingi, wakazoea kuweka mwanga kidogo kidogo pale mtu alipo. Sisi giza linaingia kuanzia saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halafu tunawasha tyubu moja katikati ya silingi na kila mtu anajifanyia kivuli mwenyewe.

Ongeza moja ya pembeni, lumeni 250 hadi 470, rangi ileile ya 2700. Anayesomea hapo mpe taa ya mkono wa springi. Mnorwe Jac Jacobsen aliitoa ile ya Luxo L-1 mwaka 1937 akiendeleza wazo la Mwingereza George Carwardine, na mpaka leo umbo hilo halijapata mpinzani kwenye meza ya daftari, kwa sababu kichwa kinabaki pale unapokiacha. Kwa mwenye mkono wa kulia iweke kushoto, kofia iwe chini ya usawa wa macho.

Dima usiiweke mpaka umenunua balbu iliyoandikwa kwamba inakubali dima, na dima yenyewe iwe ya LED. Dima za zamani zinataka mzigo wa wati 40 kwenda juu. Ukiipa balbu moja ya wati 7 inapepesa na kuunguruma.