Kupinga utoaji mimba, kutetea kitanzi cha mnyongaji: ni msimamo mmoja?

Swali: Jamani, mtu anaweza kupinga utoaji mimba huku akiunga mkono hukumu ya kifo bila kujipinga?

Jibu: Inategemea msingi wake. Akisema uhai wote ni mtakatifu, amejifunga: kitanzi nacho akikatae. Akisema asiye na hatia asiuawe, hajajipinga, ila mahakama ikikosea, anayenyongwa ni huyohuyo asiye na hatia. Ndiyo maana Ibara ya 22 ya Katiba yetu ya Uganda ya 1995 inataka hukumu ithibitishwe kwanza na mahakama ya juu kabisa ya rufaa.

Jibu: Naongezea. Ibara hiyohiyo inakataza kutoa mimba isipokuwa sheria iruhusu, kwa hiyo Katiba imeweka vighairi pande zote mbili. Na watu wasipotoshe kesi ya 2009 ya Susan Kigula, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo! Mahakama ya Juu haikufuta adhabu ya kifo. Ilifuta ulazima wake, yaani jaji halazimiki tena kuitoa. Tena hukumu ikithibitishwa na miaka 3 ikapita bila kunyongwa, inageuka kifungo cha maisha.

Swali: Na anayetetea utoaji mimba lakini anapinga kitanzi?

Jibu: Naye aseme wazi haki ya kijusi inaanza lini, na kwa nini hapo. Wengi hukwepa.