Radiohead: wapigaji na wasikilizaji, tupeane uzoefu

Mzee wa Besi: Wakuu, Radiohead, bendi ya roki ya Abingdon, jirani na Oxford, Uingereza, ni watano walewale tangu walipokuwa shule, 1985. Tuwekeane ufundi, "ni wakali" tumeshaisikia.

Nyuzi Sita: Anza na Creep (1992). Kodi (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nne zinazunguka wimbo mzima: G, B, C, Cm (m ni minor). Wengi wanaharibu ya pili kwa kupiga Bm, maana ukiwa kwenye G sikio linaitegemea hiyo. Zipige zote kwa kulaza kidole cha shahada: G freti (kile kijigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 3 kuanzia uzi wa sita, ule mnene; B freti ya 2, C na Cm freti ya 3, hizi kuanzia uzi wa tano. Sasa sikiliza uzi wa pili, unaofuata ule mwembamba kabisa: freti ya 3, 4, 5, kisha unarudi 4. Huzuni ya wimbo iko hapo. Ukiweka Bm ngazi inakatika.

Yale makwaruzo ya mpiga gitaa wao Jonny Greenwood kabla ya kibwagizo: laza vidole viwili au vitatu vya kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza, distoshani (pedali ya kukwaruza sauti) ikiwa imewaka, chapa kwa nguvu. Kidole kimoja hakitoshi, kwenye freti ya 7 au 12 kitatoa mlio mwembamba wa juu. Na ukikanyaga pedali mapema, mvumo wake unaharibu ubeti.

Ukirekodi kava (toleo lako la Creep), Albert Hammond na Mike Hazlewood nao wamo kwenye orodha ya watunzi, maana Creep unafanana na wimbo wao The Air That I Breathe.

Kinanda Cheusi: Mimi nashikilia albamu ya Kid A (2000), walipoweka gitaa pembeni baada ya albamu iliyotangulia, OK Computer, kuwapa kila kitu. Wimbo wa kwanza hesabu mapigo 10: 4, 4, kisha 2. Ukienda nne nne tu, kinanda kinarudi mwanzo wewe bado uko katikati.

Mzee wa Besi: Na biashara je? Albamu ya In Rainbows ilitoka mtandaoni 10 Oktoba 2007, mkataba na kampuni ya rekodi ya EMI umekwisha, mnunuzi anapanga bei mwenyewe. Ila faili zilikuwa MP3 za kbps 160, yaani sauti iliyobanwa. Kwa besi ya Colin Greenwood, mpiga besi wao, tafuta CD. Chipukizi wanaoiga mtindo huo wanasahau kwamba ile ilikuwa albamu ya saba, na mashabiki walishajengwa kwa hela ya kampuni.

Mgeni Jukwaani: Wakuu, ampu (kikuza sauti) ya transista, isiyo ya valvu, itatosha kwa Creep?

Nyuzi Sita: Inatosha, mkuu. Jonny mwenyewe ametumia miaka mingi Fender Eighty-Five, nayo ni ya transista.