Matairi ya trela kubwa la kuishi: nirudie ST au niweke LT za pikapu?

NesiSafarini (Houston)

Wakuu, habari za huko mliko. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya trela, hasa tofauti ya matairi ya ST (ya trela) na LT (ya pikapu).

Mimi ni nesi wa mikataba, wiki 13 hospitali hii, 13 nyingine jimbo jingine. Tulichoka kupanga apatimenti, mimi na mume wangu tukanunua trela la kuishi lililotumika, lile linalonasa ndani ya bodi ya pikapu. Ni kubwa, ekseli mbili, matairi manne. Kibandiko cha ubavuni, mbele kushoto, kinasema uzito wa juu paundi 14,000, kila ekseli paundi 7,000, matairi ST235/80R16 herufi E (daraja la mzigo), upepo 80 (PSI).

Mkataba unaofuata ni Phoenix. Tutapita barabara kuu ya I-10 yote: San Antonio, Fort Stockton, Van Horn, El Paso, na itakuwa mwezi wa saba, jua lote letu. Matairi ukiyatazama kwa juu ni mazima, hayajawa vipara hata kidogo. Lakini nilipokuwa nayaosha nikaona nyufa nyembamba kama nywele ubavuni, karibu na rimu, na namba ya DOT, ile inayoonyesha tairi lilitengenezwa lini, inaishia 1418.

Fundi wa hapa jirani anasema ST zote ni mbovu, niweke LT235/85R16 za pikapu, eti zote ni "ply 10" kwa hiyo hakuna tofauti. Mtu mwingine pale kambini tulipoegesha anasema nipande hadi herufi G. Kwenye pikapu, kiti cha nyuma, anakaa mwanangu wa miaka minne. Sitaki kubahatisha. Nichukue lipi?

Mdau_Minneapolis

Dada, 1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Hayo yamemaliza muda wake, usiyapeleke hata San Antonio. Tairi la trela huzeeka kabla ya kuisha, kwa sababu trela linakaa limeegeshwa miezi, jua linachoma mpira upande uleule na uzito wote umekaa palepale. Watu wengi wa trela wanabadilisha ikifika miaka mitano au sita, hata kama meno yote yapo. Angalia na spea, mara nyingi ni ya siku moja na hayo mengine. Suala la LT na G nawaachia madereva.

DerevaWaI10 (San Antonio)

Dada yangu, pole na hongera kwa kuinama ukaangalia. Mimi naendesha semi, hiyo barabara unayokwenda ndiyo shamba langu. Pale kati ya Fort Stockton na Van Horn, kiangazi, ukiangalia pembeni mwa barabara unaona vipande vya tairi kila baada ya mwendo mfupi. Na tairi la trela likipasuka halipasuki peke yake. Ule mpira unaochanika unazunguka unapiga madigadi, unapiga sakafu kwa chini, unang'oa nyaya za breki na unaweza kufika kwenye bomba la gesi. Tairi linakuwa ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa hakuna maoni, kuna namba. Kila tairi limeandikwa ubavuni linabeba kiasi gani. ST235/80R16 herufi E inabeba paundi 3,520 kwa upepo 80. Mawili kwenye ekseli moja ni 7,040. Ekseli yako ni ya paundi 7,000. Yaani aliyetengeneza trela amekuachia akiba ya paundi 40 kwa ekseli nzima, kama kilo 18. Mfuko mmoja wa mchele wa kilo 20 umeimaliza.

Chukua LT235/85R16 herufi E, hiyo ya fundi wako. Inabeba paundi 3,042 kwa upepo huohuo 80. Mawili ni 6,084. Umeshuka karibu paundi 900 chini ya ekseli. Hiyo "ply 10" ni daraja tu la uimara, haikwambii tairi linabeba nini. LT imepimwa kwa gari linalokwenda kasi kubwa, ST imepimwa kwa trela la mwendo mdogo ndiyo maana ikaruhusiwa mzigo mkubwa zaidi kwa saizi inayokaribiana. Tena ubavu wa ST ni mgumu kwa sababu maalumu: ukikata kona ya kubana na ekseli mbili, matairi hayafuati kona, yanaburuzwa kwa ubavu. Simama siku moja nje mume wako akirudisha trela kambini, tazama tairi la nyuma linavyojikunja. Utaelewa.

Fundi ana haki kwa jambo moja. ST za zamani zilihesabiwa mwisho wa spidi ni maili 65 kwa saa, na kule magharibi mwa Texas kibao kinasema 80. Siku hizi nyingi zina herufi ya spidi mwisho wa maandishi ya saizi na mzigo: L ni maili 75, M ni 81, N ni 87. Goodyear Endurance ya saizi yako, kwa mfano, ina N. Mimi hata ukiniwekea N nakuomba utembee 65, kwa sababu joto linapanda na spidi, na joto ndilo linaloua tairi.

Kabla hujanunua chochote nenda kapime. Usikisie. Mizani ya CAT iko kwenye vituo vingi vya malori, sahani zake ni tatu: magurudumu ya mbele ya pikapu sahani ya kwanza, ya nyuma ya pili, ekseli za trela ya tatu. Nenda na kila kitu ndani, nguo, vyombo, maji. Maji usiyadharau, tangi la galoni 60 likijaa ni paundi 500. Uje na karatasi hapa.

Mzee_wa_Tacoma

Ndugu zangu, mimi nimetumia LT kwa trela yangu ya boti miaka mingi na sijawahi kupata shida yoyote. Zinatulia barabarani, mpira ni mzuri. Mambo ya ST ni biashara tu.

DerevaWaI10

Mzee wangu, shikamoo. Sikatai, LT ni tairi zuri, na kwa boti lako huenda zinabeba mzigo zikiwa na nafasi ya kutosha. Ukiwa na akiba, LT inakufikisha vizuri sana. Wa huyu dada ni mzigo mwingine, ndiyo maana nimemwomba karatasi ya mizani.

NesiSafarini

Nimerudi. Tumepima na maji nusu tangi, na chakula cha safari tayari kimo. Ekseli za trela peke yake: paundi 12,300.

Nimegawanya kwa nne nikapata 3,075 kila tairi. Kumbe LT ingekuwa imezidiwa kabla hatujatoka geti la kambi. Na upande wa kulia ndiko kuna jiko, friji na ile sehemu ya sebule inayosukumwa nje, kwa hiyo nadhani kulia ni kuzito kuliko hiyo wastani. Nimeelewa sasa.

Nimelala chini na tochi nikasoma nyuma ya rimu, nimekuta imegongwa paundi 3,750 na PSI 110. Je, G inafaa?

DerevaWaI10

Safi sana. Umefanya jambo ambalo hata madereva wengi hawalifanyi. Na kuhusu kulia uko sahihi, mizani ya CAT haigawi kushoto na kulia, kwa hiyo wastani inaficha tairi lililochoka zaidi.

Ndiyo, chukua G, ST235/80R16 ileile ili nafasi kati ya matairi mawili isipungue. Ile ya 235/85R16 ni ndefu zaidi kama inchi moja, kwenye trela nyingine inaingia, kwenye nyingine inakaribia kugusana. G inabeba 4,400 kwa upepo 110, lakini wewe utahesabu 3,750 kwa sababu rimu ndiyo inaishia hapo. Bado una akiba ya zaidi ya paundi 600 kwa kila tairi, hiyo ndiyo amani unayoitafuta. Kama rimu ingekuwa ya upepo 80 ningekuambia baki na E na upunguze mizigo.

Dukani simamia mambo haya mwenyewe. Vali ziwe za chuma zinazofungwa kwa nati, zile za mpira hazikutengenezwa kwa upepo huo. Soma DOT ya kila tairi kabla halijafungwa, mpya dukani si lazima liwe limetengenezwa juzi, ukiona lina miaka miwili waambie walirudishe stoo. Nunua matano, spea nayo. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha mkishatembea kama maili 50 msimame mkaze tena, msipitilize.

Upepo jaza asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Kwa uzito wako mimi ningeweka 95, jedwali linatoa 3,960 hapo, ila hakikisha na jedwali la kampuni ya tairi utakalonunua. Huna haja ya 110, makabati yatatetemeka mpaka vikombe vianguke. Na mchana upepo ukipanda kwa joto msipunguze, ndivyo unavyotakiwa kupanda. Sensa za upepo za kufunga kwenye vali nunueni, zinawapigia kelele humo humo ndani ya pikapu. Pikapu inavuta kwa nguvu kiasi kwamba tairi la trela linaweza kuishiwa upepo na dereva asisikie kitu.

Mkitoka San Antonio alfajiri mtakuwa mmepita Fort Stockton kabla lami haijachemka. Nitumie ujumbe mkikaribia, mara nyingi niko upande huo.

NesiSafarini

Asante sana kaka. Duka la kwanza wana G za DOT ya miaka mitatu nyuma, nimekataa. La pili wanaleta nyingine Alhamisi, matano, na vali za chuma nimeandikisha kwenye oda.