Mjadala: Je, mashua ya kusafiria hapa Kigoma ivishwe tanga la Kichina?

Mtoa hoja, Ujiji

Ndugu zangu wa mwambao, naleta jambo lililotugawa sisi wanne tunaomiliki kwa pamoja mashua moja ya mbao yenye urefu wa meta saba. Ina tanga kuu, tanga la mbele, na mlingoti ulioshikiliwa kwa waya. Msimu wa mvua uliopita, nikirudi peke yangu kutoka Gombe, dhoruba ilinikuta kabla sijashusha tanga la mbele, nikalazimika kuuacha usukani na kutambaa hadi omo, yaani mbele kabisa ya mashua, huku mashua imelala ubavu na maji yakiingia. Tangu siku hiyo ninashikilia kwamba tuyaondoe matanga yote mawili, tuweke tanga moja la Kichina lililogawanywa kwa fito zinazolala kutoka ukingo hadi ukingo. Ukilegeza jarari, yaani kamba ya kupandishia tanga, uzito wa fito hulishusha tanga kipande baada ya kipande, kamba za pande zote mbili zikalipokea, nawe hujainuka ulipoketi. Hata upepo ukiwa nyuma unaweza kulipunguza bila kuigeuza mashua.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1960, katika mashindano ya mabaharia wa peke yao, Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York kwa siku 48, katika mashua iitwayo Jester yenye urefu wa meta saba na nusu hivi, akitumia tanga la namna hiyo. Naomba maoni, kwa sababu wenye mashua wengine wanasubiri waone tutakaloamua.

Nahodha, Mwamgongo

Pole sana, kaka, kwa yaliyokukuta. Hata hivyo, katika mashindano hayohayo Francis Chichester alifika kwa siku 40, na kwetu sisi upungufu wa tanga hilo una uzito mkubwa kuliko unavyoueleza. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, kwa hiyo anayetoka Kigoma kwenda Mahale kule kusini huwa na upepo wa mbisho, yaani unaomkabili kwa mbele, karibu safari nzima. Tanga la Kichina lililoshonwa bapa huvuta vizuri upepo ukitoka ubavuni au nyuma, lakini ukitaka kubisha, yaani kwenda kwa kuukabili upepo, linakusukuma pembeni zaidi kuliko mbele. Ukishindwa kubisha, hata kurudi nyumbani kutoka Gombe kutakuwa taabu, na utawasha injini kwa petroli ambayo tanga lilikusudiwa kukuokolea.

Mtoa hoja, Ujiji

Nakubali kuhusu tanga bapa, na sitaki kulishona hivyo. Kila kipande kati ya fito mbili kinaweza kukatwa kwa namna ya kukipa tumbo, na tanga lenye tumbo hubisha vizuri zaidi. Kuhusu siku 40, mashua ya Chichester ilikuwa na urefu wa meta 12 hivi, na chombo kirefu huenda kasi kuliko kifupi, kwa hiyo si haki tofauti yote kulitwika tanga.

Fundi wa mashua, Kibirizi

Wanangu, mnabishania kitambaa, na mimi naona mbao. Mlingoti wenye waya hugawana mzigo na waya zake. Mkizitoa, kwa kuwa tanga la Kichina kwa kawaida huwekwa kwenye mlingoti usio na waya, nguvu yote ya upepo inashikwa mahali pawili tu, yaani pale mlingoti unapopenya sitaha na pale unapokaa juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini ya mashua. Sitaha ya mashua yenu haikujengwa kwa mzigo huo, kwa hiyo itapasuka msipoweka boriti nene za mvule zilizofungwa kwenye mataruma, zile mbavu za mashua, ya pande zote mbili. Halafu, tanga hilo moja linachukua nafasi ya matanga mawili, na ili mashua isivutwe kugeukia upepo kila wakati, mlingoti lazima usogezwe mbele, penye kitanda chenu cha omo. Kitanda hicho hakitabaki. Silikatai tanga lenyewe, kwa kuwa hata kipande kimoja kikichanika fito huzuia tundu lisisambae. Ninachokataa ni kulivisha juu ya mlingoti wa zamani, mahali ulipo sasa, na nimekwisha kuombwa kufanya hivyo.

Mtoa hoja, Ujiji

Shikamoo, mzee wangu. Hilo la kitanda nilikuwa sijalifikiria, na wenzangu watalipinga, lakini mimi niko tayari kulala kwenye ubao wa nyuma kuliko kutambaa tena hadi omo. Naomba uje upime mataruma kabla hatujanunua hata yadi moja ya kitambaa. Nahodha, nawe nakuahidi kwamba matanga ya sasa na waya zake hatutaviuza mpaka tuwe tumeibisha mashua kutoka Kibirizi hadi Ujiji katika kusi ya Juni, nawe ukiwa ndani.