Walimu tupeane uzoefu: mtoto ambaye mfumo haumuoni

Wakuu habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi kijijini, nina kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kabla ya kuletwa kwetu. Nashukuru ila mtandao haushiki mpaka upande kichuguu nyuma ya choo cha walimu na bando natoa mfukoni. Sasa mahudhurio tunayotuma kwa hicho kishikwambi ni jumla tu, wavulana wangapi wasichana wangapi, na darasa langu linasoma asilimia tisini na kitu kila wiki, safi kabisa. Juzi nafunua daftari la karatasi naona jina moja lina utoro kila alhamisi tangu januari. Alhamisi ni gulio. Kwenye jumla hata haonekani yani. Nyie mnafanyaje?

*

Mwalimu, huku Kenya 2019 nikiandikisha watoto mfumo ulitaka namba ya cheti cha kuzaliwa, bila hiyo mtoto haingii na pesa yake ya serikali haifiki shule. Nilikuwa na watatu wa nyumba moja wanalelewa na nyanya yao, mama yuko Saudia, vyeti hakuna. Wanakaa darasani, wanafanya mtihani, wananisumbua kama wengine, lakini kwa kompyuta hawako. Nimempeleka huyo mama mzee ofisini mara nne, pesa ya boda juu yangu, mmoja ndio akapata.

*

Mi nakumbuka corona, shule zimefungwa machi 2020 tukaambiwa tutume maswali wasapu. Watoto 70 na kitu, grupu likawa na wazazi 11, na wawili kati yao ni walimu wenzangu 😂 Ripoti ikaandikwa ufundishaji unaendelea. Nikaanza kuacha karatasi dukani kwa mangi watoto wapitie, siku naenda kununua sukari nafungiwa kwa karatasi zangu za hesabu za sehemu

*

Hahaa mkuu sukari na sehemu. Mrejesho: alhamisi nilienda gulioni mwenyewe, nikamkuta anauza vitunguu na mama yake na chenji hakosei hata mia. Tumeongea na mama, kakubali mtoto awe anakuja ikifika saa nne. Anakuja kweli. Ila majina tunaita asubuhi, kwahiyo kwenye jumla bado nampeleka hayupo.